Nafasi za chuo kikuu: je, mtu ni "wa" wapi?

Matokeo ya mtihani wa dola yanapotoka, huku Baraka na Fizi tunasikia ombi lilelile: vijana wa sehemu zilizokosa shule nzuri watengewe nafasi katika vyuo vikuu vya serikali. Ombi hilo si geni. Nchi yetu iliwahi kujaribu jambo hilo, na kwa maoni yangu tatizo lake kubwa lilikuwa katika neno moja.

Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, yaani Lovanium ya Kinshasa, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Kwa hiyo nafasi za nchi nzima zikawa chini ya utawala mmoja. Katika miaka hiyo ya 1970 ukaletwa mgao: kila mkoa uwe na sehemu yake ya wanafunzi wapya. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito. Shule za misheni hazikuenea sawa wakati wa ukoloni, na mikoa kama Bas-Zaïre na Kasaï ilitangulia mingine. Lakini walalamikaji hawakukosekana. Wakasaï walisema wanafungiwa mlango, na wengi waliona mgao unainufaisha Équateur, mkoa wa rais Mobutu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kinatenganisha mambo matatu: mzaliwa wa mahali, mkaaji wa mahali, na mtu mwenye asili ya mahali. Mgao wa UNAZA ulihesabu asili. Kijana aliyezaliwa Lubumbashi na kusoma huko, ikiwa wazazi wake walitoka Kasaï, aliwekwa katika hesabu ya Kasaï. Vivyo hivyo, Mbembe aliyelelewa Kinshasa na kusoma katika shule za mji mkuu alihesabiwa wa Kivu, sawa na yule aliyesoma Fizi bila vitabu.

Tena, Kivu ya wakati ule ilikuwa kubwa. Hadi 1988 ilijumlisha Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Mwanafunzi wa Fizi alishindana ndani ya kapu moja na mwanafunzi wa Bukavu, mji wenye Koleji ya Alfajiri ya Wajezuiti. Mgao uliona tofauti kati ya mkoa na mkoa, haukuona tofauti iliyo ndani ya mkoa.

Jirani zetu wa Uganda walipita njia mbili. Chuo Kikuu cha Makerere, kuanzia 1990, kiliwaongezea wasichana pointi 1.5. Hesabu hiyo ni rahisi kuithibitisha, ila binti wa shule ya kifahari Kampala anapata pointi zilezile za binti wa kijijini. Baadaye ukaja mgao wa wilaya: kati ya nafasi 4,000 zinazolipiwa na serikali, 896 zilitengwa kwa wilaya. Malalamiko yaliyofuata tungeyatambua mara moja: waliosoma Kampala walijiandikisha kwa wilaya za asili yao, wakachukua nafasi za waliobaki huko.

Je, basi tuhesabu mahali mtu aliposoma? Kwa sehemu kubwa nasema ndiyo, kwa sababu upungufu tunaotaka kuufidia ni wa shule, si wa damu. Ila Fizi inatuonya tusikimbilie jibu moja. Kuanzia 1996 vita vilivusha watu wetu wengi ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikawa makao yao. Kuanzia 2005 mashua za kuwarudisha zilitia nanga Baraka. Mtoto wa kambini ni mzaliwa wa Tanzania, mwenye asili ya Fizi, mkaaji wa Baraka. Kanuni ya "alisoma wapi" peke yake ingemwacha nje, ilhali naye alikosa yaleyale.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, na sheria ya usawa ya 2015 zimefungua upya mazungumzo haya kwa upande wa wanawake. Siku yakifika kwa upande wa maeneo, watu watagombania asilimia. Mimi ningewaomba waanze na kiunganishi kidogo "wa": anayeandikwa "wa Fizi" ameandikwa hivyo kwa kuzaliwa, kwa kukaa, kwa kusoma au kwa asili? Fomu isiyosema waziwazi itajazwa na mwenye kujua njia za ofisini, na huyo mara nyingi hatoki Fizi.