Funza weupe bustanini: lipi kweli, lipi si kweli?

Mvua za kwanza za Novemba zikishuka Mbeya na Iringa, mbawakawa huanza kugonga taa za nje usiku kucha. Wengi wametoka ardhini, na majike watarudi humo humo kutaga. Baadaye mche wa kabichi unanyauka. Ukiuvuta unatoka kirahisi, mizizi imeliwa yote. Viazi mviringo navyo vinachimbuliwa vikiwa na mashimo mapana. Hapo kila jirani ana dawa yake.

Kila funza mweupe aliyejikunja ni adui. Si kweli.

Hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi. Funza wanono wanaojaa kwenye lundo la samadi mara nyingi hula vilivyooza tu, na kazi yao ni kusaga mboji. Mweke mmoja juu ya ubao mkavu umtazame. Akilala chali na kutambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu, huyo ni mtoto wa mbawakawa wa maua. Akikua huenda akauma matunda yaliyoiva, lakini mizizi yako haigusi. Mrudishe kwenye mboji. Yule unayemkuta katikati ya mizizi, mwenye kichwa cha kahawia, akilala ubavu na kujikunja, ndiye wa kupewa kuku. Na kama mche umekatwa usawa wa ardhi, usimsingizie funza: hiyo ni kazi ya sota, mtoto wa nondo.

Kuku na jembe vinatosha. Kweli, ukiwahi.

Kiangazi kikikolea, funza huzama chini ambako kuku hafiki. Tifua mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu, kisha fungulia kuku wa kienyeji. Yangeyange na kunguru watakuja wenyewe. Ukishapanda, kuku watoke, la sivyo watafukua miche. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni Iringa, wafanye hivyo kati ya zao moja na jingine.

Dawa hii ya jembe si ya kubahatisha. Mbawakawa anayetoboa majani ya maharage katika Nyanda za Juu Kusini hukulia kwenye mizizi ya maharage hayo hayo, kisha hulala ardhini hadi mvua zinazofuata. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hushauri kugeuza udongo baada ya mavuno ili jua limkute, na kubadilisha maharage na mahindi au alizeti. Mimi naamini kinga hii kuliko chupa yoyote ya dukani.

Majivu huua funza. Si kweli.

Funza yuko chini kwenye mizizi, majivu yako juu.

Utupa ni mmea wetu, hauna madhara. Si kweli.

Utupa ni sumu hasa. Ndio uliotumika kuulia samaki tangu zamani. Ukinyunyizwa kwenye majani huua wadudu wanaoyala, lakini huharibika upesi juani na haumfikii funza aliye chini. Kwenye kinyungu kilicho kando ya kijito, mabaki yake yakimwagika majini yatamaliza samaki wanaotegemewa na watu wanaoishi chini zaidi ya kijito.

Samadi mbichi huleta funza. Kweli.

Mbawakawa hupenda kutaga kwenye samadi ambayo haijaoza. Iozeshe kwanza. Pia shamba lililokuwa majani kwa miaka mingi huwa na funza wengi msimu wa kwanza.

Magonjwa ya wadudu yanaweza kutusaidia. Kweli, lakini si kila gonjwa.

Bakteria inayosifiwa sana Marekani inamlenga mbawakawa wa Kijapani, aliyeonekana huko kwa mara ya kwanza, New Jersey, mwaka 1916. Funza wetu ni wa jamii nyingine, usiiagize. Ukungu ndio wa kutumainiwa. Mwaka 2009 FAO ilisaidia kunyunyiza ukungu unaoua nzige wekundu kwenye mbuga za Iku-Katavi, na ndugu wa ukungu huo huishi udongoni na kuua funza. Ukimkuta funza amekauka, amefunikwa kama unga wa kijani, mfukie palepale ili ukungu uenee. Nyigu mkubwa mweusi mwenye manyoya anayezama ardhini naye mwache: anatafuta funza wa kutagia.

Kabla hujanunua chochote msimu huu, chimba shimo la upana wa jembe katika kila tuta, uwatazame uliowakuta, ndipo uamue.