VIWANJA SITA VYA HELIKOPTA VILIVYOKIZUNGUKA KIJIJI CHA TAKAE

Mwezi wa Juni mwaka 2016, katika kijiji kidogo cha Takae kilichoko kaskazini ya kisiwa cha Okinawa nchini Japani, watoto kadhaa hawakwenda skuli. Hawakuwa wagonjwa, wala haikuwa siku ya mapumziko. Walikuwa hawakulala. Ndege za kijeshi za Marekani zilikuwa zikishuka na kupaa juu ya mapaa ya nyumba zao mpaka usiku mkubwa, taa zimezimwa, madirisha yanatetemeka. Vipimo vya ofisi ya wizara ya ulinzi ya Japani yenyewe vilionesha kwamba katika mwezi ule kelele za usiku zilihisabiwa mara 383 pahala pamoja kijijini, ilhali miaka miwili kabla wastani ulikuwa kiasi cha mara 16 kwa mwezi. Baadhi ya wazazi walifunga virago na kuwahamishia watoto wao vijiji vya mbali ili wapate usingizi tu.

Pengine msomaji wa visiwani kwetu atauliza, Takae inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu nasi ni watu wa kisiwa. Kisiwa kikuu cha Okinawa ni kidogo kuliko Unguja, na juu yake wanaishi watu zaidi ya milioni moja. Mtu wa bara akisikia kelele jirani huweza kuhama akenda mbele. Mtu wa kisiwani akihama sana hufika baharini. Ndiyo maana kila kiwanja, kila bandari na kila uzio unaowekwa kisiwani humgusa mtu, na ofisa anayechora ramani ya mradi wa kisiwani hana budi kujua kwamba hakuna pahala patupu kwenye karatasi yake.

Historia ya jambo hili ni ndefu, lakini mizizi yake iko katika vita vya mwaka 1945, vilivyoua watu zaidi ya laki mbili katika kisiwa kile, wengi wao raia. Vita vilipokwisha, Wamarekani hawakuondoka. Walikitawala kisiwa hadi tarehe 15 Mei, 1972, kilipokabidhiwa kwa Japani. Bendera ikabadilika, makambi yakabaki. Mkoa wa Okinawa ni asilimia 0.6 tu ya ardhi yote ya Japani, lakini umebeba kiasi cha asilimia 70 ya ardhi inayotumiwa na majeshi ya Marekani peke yake katika nchi ile. Mizani hiyo haihitaji mtaalamu wa hisabu kuisoma.

Mwezi wa Disemba 1996 serikali mbili hizo, ya Japani na ya Marekani, zilikubaliana kupunguza mzigo huo. Miongoni mwa yaliyoahidiwa ni kurejeshwa zaidi ya nusu ya eneo la mazoezi ya msituni lililoko kaskazini, yaani kiasi cha hekta 4,000. Habari hii ilikuwa njema. Lakini ahadi ilikuwa na mkia: viwanja vya kutulia helikopta vilivyokuwamo katika ardhi itakayorejeshwa vijengwe vipya katika ardhi itakayobakia. Hisabu ya mwisho ikawa viwanja sita, na vyote vikaangukia pembezoni mwa Takae, kijiji cha watu wapatao 150, chenye skuli yake ndogo. Kiwanja cha karibu kiko masafa ya mita 400 tu kutoka nyumba ya mtu. Kila kimoja ni duara la mita 75 lililokatwa msituni, na msitu wenyewe ni ule wenye ndege na wadudu wasiopatikana pengine popote duniani, ambao mwaka 2021 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Na hiyo ardhi iliyorejeshwa? Hati ya jeshi la Marekani la wanamaji ya mwaka 2013 ilieleza waziwazi kwamba sehemu inayorudishwa ni ile isiyotumika, na kwamba badala yake yatapatikana maeneo mapya yenye manufaa zaidi. Kwa hivyo mwenye nyumba alirejeshewa chumba kilichovuja, akaambiwa ashukuru, na mpangaji akajengewa vyumba sita vipya kwa gharama ya mwenye nyumba. Baada ya ardhi hiyo kurejeshwa, watafiti wameokota humo maganda ya risasi na taka nyingine za kijeshi.

Wanakijiji walikuwa wamekwisha kutoa rai yao mapema. Mkutano wa kijiji ulipitisha azimio la kupinga mwaka 1999, ukapitisha la pili mwaka 2006. Wala hawakuwa watu wa siasa za fujo. Wilaya yao, Higashi, inajulikana Japani nzima kwa mananasi, na wengi wao ni wakulima. Wengine walihamia Takae makusudi, wakitafuta pahala penye utulivu pa kulelea watoto. Maazimio yao yalipelekwa, yakapokewa, yakawekwa. Mwezi wa Julai 2007 wajenzi walipofika, wakulima wale walikwenda wakakaa kitako mbele ya lango la msitu. Wakakaa kwa zamu, mvua na jua, mwaka baada ya mwaka.

Jawabu ya serikali ilikuwa kuwapeleka mahkamani. Mwaka 2008 walishitakiwa watu kumi na watano kwa kosa la kuzuia njia, na miongoni mwa washitakiwa alikuwamo mtoto wa kike wa miaka minane! Baadaye jina la mtoto liliondolewa, na washitakiwa wakapunguzwa mpaka akabaki mtu mmoja, ambaye rufaa yake ilikataliwa na Mahkama Kuu ya nchi mwaka 2014. Mimi ni kada wa Chama, na nimehudhuria mikutano mingi ambamo wananchi walikuwa wakali kuliko inavyopendeza. Lakini sijapata kufikiri kwamba dawa ya mkutano mkali ni kumshitaki mtoto.

Si insafu kuzificha hoja za upande wa pili. Serikali ya Japani inasema inafungwa na mkataba wa ulinzi wa mwaka 1960, kwamba bahari inayoizunguka Okinawa haina amani, na kwamba bila ya viwanja vipya ile ardhi ya kaskazini isingerejeshwa hata shubiri moja. Hoja ya mwisho ndiyo nzito, kwani ni kweli kwamba viongozi wa Okinawa wenyewe waliitaka ardhi irudi, na kwamba iliporudi mzigo wa mkoa ulishuka kutoka asilimia 74 hadi kiasi cha 70. Lakini tuitazame vizuri hoja hiyo. Inasema kwamba nafuu ya watu milioni na zaidi imenunuliwa kwa usingizi wa watu 150, na kwamba 150 ni bei rahisi. Hapa ndipo nisipokubaliana nayo. Watu 150 ni rahisi kwa sababu kura zao ni chache, si kwa sababu masikio yao ni magumu kuliko ya watu wengine.

Hata kura, zilipopigwa, hazikuwafaa. Tarehe 10 Julai, 2016, wananchi wa Okinawa walimwangusha katika uchaguzi waziri wa serikali aliyekuwa akishughulikia mambo ya kisiwa chao, wakamchagua mpinzani wa makambi. Alfajiri ya siku iliyofuata magari ya vifaa yakaanza kuingia Takae. Katika mwezi huo huo askari wa kuzuia fujo wapatao 500 waliletwa kutoka mikoa ya bara ya Japani, wakawanyanyua mmoja mmoja wazee waliokaa njiani. Mwezi wa Oktoba askari mmoja kutoka Osaka alinaswa katika picha akiwatukana waandamanaji kwa neno la dharau ambalo kwa lugha yetu ni sawa na kumwita mtu mshenzi wa porini. Sisi ambao babu zetu waliitwa hivyo katika nchi yao wenyewe hatuhitaji kutafsiriwa zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo la usalama, kwani wapo watakaosema kwamba kelele ni udhia tu. Ndege zilizokusudiwa viwanja vile ni Osprey, ambazo huinuka wima kama helikopta, kisha huinamisha injini zake na kuruka kama ndege ya kawaida. Zilipelekwa Okinawa mwezi wa Oktoba 2012, na mwezi wa Januari uliofuata wakuu wa miji na wilaya zote 41 za mkoa walitia saini barua ya kuzikataa. Tarehe 13 Disemba, 2016, moja ilivunjika katika maji ya pwani ya Nago, karibu na kijiji cha watu. Siku sita baadaye zikaruka tena, na tarehe 22 ikafanywa sherehe ya kurejeshwa ardhi. Gavana wa Okinawa, Onaga Takeshi, alikataa kuhudhuria, akenda badala yake katika mkutano wa wananchi wa kulalamikia ajali. Mwezi wa Oktoba 2017 helikopta kubwa ya kijeshi ilitua kwa dharura katika shamba la malisho la mkulima wa Takae, ikaungua ikawa majivu. Nyumba za watu zilikuwa kiasi cha mita 300 kutoka hapo. Baada ya wiki moja helikopta za aina ile zilikuwa angani.

Watu wa Okinawa wanapotaja skuli na ndege kwa pamoja hawapigi mfano. Tarehe 30 Juni, 1959, ndege ya kivita ya Marekani iliyoharibika ilianguka juu ya majumba ya mji wa Ishikawa na skuli ya msingi ya Miyamori. Rubani alijirusha kwa mwavuli akaokoka. Wanafunzi 11 na watu wengine 6 walikufa. Aliyeisikia habari ile kwa mama yake hawezi kuambiwa kwamba kiwanja cha helikopta karibu na skuli ni suala la wahandisi peke yao.

Niongeze jambo dogo nililolipitia mwenyewe. Tulipokuwa chuoni, mvua kubwa ikipiga mabati, mwalimu wetu alikuwa akifunga msahafu akingoja, kwa sababu alikuwa hawezi kutusikia tunapokosea. Alikuwa akisema kuwa makosa yasiyosikiwa hayasahihishwi. Ilikuwa mvua ya nusu saa, nayo ni rehema. Nami hujiuliza mwalimu wa Takae aliye chini ya chombo kama kile hufunga kitabu mara ngapi kwa siku.

Hapa Unguja wazee wetu bado wanakitaja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kilichowekwa na Wamarekani pale Tunguu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tuliambiwa ni cha elimu tu, na watu wakaandamana kukipinga kwa khofu kwamba kisiwa kidogo kitaingizwa katika ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume iliamuru kiondoshwe, na mwaka ule ule kikaondoshwa. Watu wa Okinawa hawakuipata amri ya namna hiyo kutoka Tokyo.

Sisemi kwamba helikopta ni laana. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku katika kisiwa kisicho na hospitali, na bahari imechafuka, angeiombea dua helikopta. Ninalowaambia maofisa wenzangu ni kwamba kiwanja kimoja chaweza kuwa neema au dhulma kwa tofauti ya mita mia chache, na kwamba anayeijua tofauti hiyo ni sheha na watu wake, si mchoraji aliyeko mjini. Azimio la kijiji likifika mezani halitoshi kupigwa muhuri wa kupokewa. Takae waliandika mara mbili kabla hawajakaa njiani hata siku moja. Serikali ilikuwa na miaka minane ya kuzungumza nao, kuanzia azimio la mwanzo mpaka siku ya mwanzo ya kukaa kitako, nayo miaka hiyo ikapita hivi hivi.

Kusini zaidi katika kisiwa kile kile, mjini Ginowan, iko skuli ya msingi ya Futenma ya Pili, ambayo imepakana kwa uzio na uwanja wa ndege za kijeshi. Tarehe 13 Disemba, 2017, mwaka mmoja kamili tangu ajali ya Nago, dirisha la helikopta lenye uzito wa kilo 7.7 lilianguka katika kiwanja cha mchezo, na watoto zaidi ya 50 walikuwa wamo humo katika somo la mazoezi. Mmoja aliumia kidogo. Jeshi liliahidi kuepuka kuruka juu ya skuli kwa kadiri itakavyowezekana. Mwezi uliofuata maofisa wa Japani walisema wameona kwa macho na kupiga picha helikopta zikipita pale pale, jeshi likakana. Kiwanja kilipofunguliwa tena, waliwekwa watu wa kutazama mbingu wakiwa na vipaza sauti. Chombo kikikaribia walikuwa wakipiga kelele, na watoto wakikimbia kujificha, mara mamia katika miezi michache. Baadaye vikajengwa vibanda vya zege kiwanjani hapo ili wasiwe wanakimbia mbali. Kelele zikipita walikuwa wakirudi, wakaulizana mpira ulikuwa kwa nani.