Nyumba ya Mkwaju Si ya Kuchekwa Tu

Mtu ashukaye basi mjini Korogwe, akaingia katika mikahawa iliyo kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, ni nadra siku hizi kuukuta mkahawa usiokuwa na televisheni ukutani. Msafiri hula huku macho yake yakiwa juu. Siku moja mwandishi wa makala haya aliketi katika mkahawa mmoja wa hapo akingoja chakula, na ukutani ukawa unaonyeshwa mchezo wa kuchekesha. Baba wa nyumba amepokea mshahara, lakini amwambia mkewe kwamba mshahara haujatoka. Noti amezificha ndani ya soksi, na kila apigapo hatua huchechemea. Mkewe amekung'uta mfuko wa unga mpaka ukatoa vumbi. Mtoto mkubwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule. Mwenye duka amekuja na daftari lake la madeni, ameketi kibarazani na haondoki. Mtoto mdogo, asiyejua lo lote, amwuliza baba yake: "Baba, mguu wako wauma?"

Mkahawa mzima ulicheka. Madereva walicheka, utingo walicheka, na mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi ili naye acheke. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mwenye sinia la machungwa, aliyekuja kuyauza kwa abiria. Alikuwa akitazama kama sisi, lakini hakucheka. Mchezo ulipokwisha alisema, bila kumwelekea mtu ye yote: "Wangu alikuwa akificha ndani ya redio, mahali pa betri." Kisha akatoka mbio, kwani basi lilikuwa likiingia.

Neno lile moja la mama yule ndilo lililotufanya tushike kalamu. Sisi tulikuwa tukitazama mchezo, naye alikuwa akitazama nyumba yake. Yatupasa basi kujiuliza: tunapomcheka baba huyu anayechechemea, twamcheka nani hasa, na baada ya kicheko twaenda wapi?

Nyumba ya namna hii haikuzaliwa katika televisheni. Wasomaji wenye umri wa kutosha wataikumbuka nyumba ya Mkwaju na Tunu. Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza uitwao "Twende na Wakati", mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Wakati huo televisheni ilikuwa bado jambo geni kwa watu wa Tanzania Bara, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Kwa mkulima wa Handeni na mkata mkonge wa Korogwe, redio ndiyo iliyokuwa jukwaa.

Asili ya michezo ya aina hii yafaa ifahamike. Nchini Mexico, katika miaka ya 1970, mtengenezaji wa michezo ya televisheni aitwaye Miguel Sabido alianza kutunga hadithi ndefu za jamaa za kawaida, zenye ugomvi, mapenzi na vituko, lakini ndani yake akatia mafunzo. Desturi yake ilikuwa kuweka watu wa namna tatu: mmoja mwenye kufuata mema, mmoja mwenye kushika mabaya, na wa tatu aliye katikati, mwenye kuyumba, ambaye hujifunza polepole mpaka akabadilika. Mwaka 1987 wenzetu wa Kenya waliutumia mpango huo katika mchezo wa televisheni wa "Tushauriane", na katika redio wakawa na "Ushikwapo Shikamana". Kutoka huko mpango ulifika Dar es Salaam, kwa msaada wa fedha wa shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo idadi ya watu.

Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Katika kila kituo alikuwa na mwanamke. Mshahara wake uliishia njiani, na nyumbani alifika na makelele. Tunu, mkewe, ndiye aliyekuwa yule wa katikati. Mwanzo alivumilia, kama wavumiliavyo wanawake wengi, kwa kuogopa maneno ya watu na kwa kuwaonea watoto huruma. Mwisho alichoka. Alimwacha Mkwaju akaanzisha biashara ndogo ya kuwalisha watoto wake. Mkwaju naye aliambukizwa virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Alipodhoofika, na wale wa njiani wasionekane tena, Tunu yule yule ndiye aliyemwuguza mpaka kufa kwake. Jina la Mkwaju likageuka kuwa neno la mitaani: mwanamume mwenye tabia ile aliitwa Mkwaju, naye alijua maana yake.

Hapana shaka hadithi hii iliwagusa watu wa Korogwe na Handeni kwa namna ya pekee, kwani barabara ya Mkwaju hupita mlangoni mwao. Lori litokalo Dar es Salaam likishapita Chalinze huingia Mkata, kisha Kabuku, kisha Michungwani, mpaka njia panda ya Segera. Hapo hugeuka kwenda Tanga, au huendelea Korogwe na Mombo kuelekea kaskazini. Kandokando ya njia hiyo watu huuza machungwa, mahindi ya kuchoma na chai. Huko ndiko waliko akina Mkwaju wakipumzika, na huko ndiko waliko akina Tunu wakitafuta riziki. Mchezo ulipozungumza juu ya vituo vya malori, msikilizaji wa Segera hakuhitaji kueleweshwa.

Je, maneno ya redio yaweza kubadili nyumba? Wako wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu. Lakini jambo hili lilipimwa. Tangu mwaka 1993 hadi 1995 kituo cha redio cha Dodoma hakikuutangaza mchezo huo, makusudi, ili wataalamu waweze kulinganisha wenyeji wa huko na watu wa sehemu nyingine waliousikia. Matokeo yalionyesha kwamba mahali uliposikika, watu wengi zaidi walijadiliana na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, wengi zaidi walikwenda zahanati kuupata, na wengi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi au wameanza kutumia kinga. Baada ya hapo Dodoma nayo ikaupata mchezo. Basi, hadithi iliyotungwa vizuri yaweza kufanya kazi ambayo hotuba kumi hazikuiweza, kwa sababu mtu hufunga masikio akihutubiwa, lakini huyafungua akisimuliwa.

Pamoja na sifa hizo, twaona kuna jambo moja ambalo michezo hii, ya redio na ya televisheni, hulipita haraka mno. Humweka baba mbele yetu kana kwamba tabia yake ilianguka kutoka mbinguni. Tukitazama mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Hale, Mazinde na Kabuku, twaona kwamba nyumba zetu zilianza kupasuka kabla ya Mkwaju kuwasha lori lake. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na kwa miaka mingi ulilimwa na manamba waliotolewa mikoa ya mbali, wake zao wakibaki nyuma. Mfanya kazi alipewa kipande, yaani kadi yenye siku thelathini za kazi, na asipoikamilisha hakupata mshahara wake. Na mshahara wenyewe ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mwenye shamba alihesabu kwamba mke na watoto watajilisha huko kwao kwa jembe la mama. Hivyo tangu mwanzo mwanamume alizoezwa kuona mshahara kuwa ni mali yake peke yake, na mwanamke alizoezwa kutouuliza.

Mkonge wenyewe ulistawi, kisha ukaanguka. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hazikufika tani 30,000, kwa kuwa kamba za viwandani zilishika soko la dunia, na mashamba mengi hapa kwetu yaliachwa magugu. Vibarua walibaki katika kambi zisizo na kazi. Mtu asiye na kazi hupoteza heshima yake machoni pake mwenyewe, na mara nyingi huitafuta mahali pabaya: katika kilabu cha pombe, au kwa kumpigia mke makelele. Tusiposema haya, tutakuwa tumemcheka maskini na kuusahau umaskini.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Kueleza chanzo cha kosa si kulisamehe. Mkonge ulipoanguka, baba alikosa kazi na mama naye alikosa unga. Wote wawili walipigwa na dhiki moja. Mmoja alificha noti, na mwingine alibeba sinia. Umaskini haukumwamuru mtu ye yote kusema uwongo mbele ya watoto wake. Mfanya kazi anayemdai mwajiri haki yake kwa sauti kuu, kisha akafika nyumbani akawa yeye mwenyewe mwajiri dhalimu, bado hajaielewa haki anayoidai.

Tena sheria ya nchi hailingani na mawazo ya Mkwaju. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ni wajibu wa mume kumtunza mkewe kwa kadiri ya uwezo wake. Yampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Nayo yakataza mtu kumpiga mwenziwe wa ndoa kwa kisingizio cha kumrudi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri moja mashuhuri kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua na kulea, zahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Yule aliyesemwa kwamba "hafanyi kazi, yuko nyumbani tu" alitambuliwa kuwa mfanya kazi. Na kabla ya ndoa kuvunjwa mahakamani, sheria hutaka wenye ugomvi wapitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Ni wangapi katika Handeni na Korogwe wayajuao haya? Wengi hujua vituko vyote vya mchezo wa jana, lakini hawajui haki iliyoandikwa kwa ajili yao zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mwepesi kuusema, ingawa ni mzito kuutenda. Siku ya mshahara na iwe siku ya mazungumzo. Mshahara uwekwe mezani, au mkekani kwa asiye na meza, baba na mama wauhesabu pamoja: huu ni wa unga, huu wa shule, huu wa deni la duka, na huu uliobaki, ukibaki, tuamue pamoja. Wala mama asiache kusema alichokipata katika biashara yake, kwani uaminifu haupandwi upande mmoja wa shamba. Na vyama vya wafanya kazi, vinapokaa na waajiri kujadili kima cha mshahara, visisahau kuuliza: je, mshahara huu umepimwa kwa tumbo la mtu mmoja, au kwa nyumba nzima?

Nao watungaji wa michezo twawaomba wasiache kutuchekesha. Kicheko ni dawa, na nyumba isiyoweza kujicheka yaweza kupasuka kwa ukimya. Ila watukumbushe kumtazama na yule aliyesimama mlangoni. Mama wa machungwa hakukasirishwa na mchezo; aliutambua tu. Siku ile, kabla basi halijaondoka Korogwe, tulimwona akipokea fedha dirishani, akizihesabu mara mbili, na kuzifunga katika pindo la khanga yake mahali ambapo kila mtu angeweza kuona. Hakuwa na la kumficha mtu.