Saa Sabini na Mbili

Sogeeni, vijana, niwasimulie kazi isiyo na kelele.

Kianda ni kijiji kimojawapo cha mtaa wa Kibera, nchini Kenya. Nyumba zimebanana, ukuta ni wa mabati, na jirani akikohoa usiku unamsikia. Tuseme mwanafunzi wa afya ya umma ametumwa huko kujifunza kazi ya kuwafikisha wapenzi wa jinsia moja kwenye huduma za afya. Chuoni amesoma chanjo na takwimu. Huku anakabidhiwa kwa mwelimishaji rika, kijana wa mtaa ambaye mwenyewe ni mpenzi wa jinsia moja, na anapewa daftari la wanaohudumiwa.

“Jina niandike wapi?” anauliza.

“Majina hatuandiki, dada. Andika namba yake.”

Daftari likianguka njiani, likaokotwa na mpangishaji, mtu anaweza kulala nje usiku huohuo.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Anayehofia kuwa ameambukizwa virusi vya Ukimwi hupewa vidonge vya PEP, vya kuzuia maambukizi. Sharti avianze ndani ya saa 72 tangu tukio lenyewe, kisha avimeze siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu! Lakini kwenye benchi la zahanati ameketi mama muuza mboga, na mzee wa kanisa, na nesi anauliza kwa sauti, “Ulikuwa na nani?” Kijana mwenye hofu hugeuka akarudi nyumbani, na saa zinakwenda. Ndiyo maana mwelimishaji rika hasemi “nenda.” Husema “twende,” kwa sababu anamjua muuguzi anayefunga mlango kabla ya kuuliza.

Mtaniuliza, si sheria ya Kenya inakataza mapenzi ya jinsia moja? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Mwingereza, kina kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na hakina neno “isipokuwa.” Kwangu mimi, nani anampenda nani si swali la mtu wa mapokezi.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Baadhi ya vituo vilivyowahudumia wapenzi wa jinsia moja Kenya vikafungwa, nao wakaelekezwa hospitali za umma. Basi mwanafunzi wa leo ana kazi ya ziada: kuketi na wauguzi wa huko, swali kwa swali, wachambue lipi linahitajika kwa matibabu na lipi ni umbea.