Kaa 48 walirudi kutoka kwa mteja. Hiki ndicho nilichojifunza

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi wenu hamjawahi kuiuza, ila somo lake linamhusu kila anayeuza kwa simu, uwe unauza viatu, keki au mikoba.

Mimi nipo Masasi, nina kaduka ka nyuzi, zipu na vifungo. Mama yuko Newala kwenye mikorosho yake. Bahari iko mbali na sisi, Mtwara mjini ni kama kilomita 200. Sasa nimefikaje kwenye kutengeneza kaa wa kuvulia samaki? Kwa video za kwenye simu na nyuzi zilizokuwa zinabaki dukani.

Kuna uvuvi wa kitalii unaoitwa uvuvi wa nzi. Mvuvi harushi chambo kizito. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, na mbele kuna kitu chepesi kilichofungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoano. Hicho ndicho kinaitwa nzi, hata kikiwa na umbo la samaki au kaa. Wenzetu Kenya wanafunga nzi na kuuza Ulaya na Marekani miaka mingi, watu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Upande wa baharini, Shelisheli wageni wanalipa pesa nyingi kuvua pamiti, kikande na kolekole kwenye maji mafupi. Pamiti na kikande wanapenda sana kaa.

Basi nikafunga kaa. Nikawapiga picha kwenye mchanga mweupe, macho, magamba, gange, kila kitu kipo. Picha ikatembea. Jamaa mmoja anayepeleka wageni kuvua akaniagiza dazeni 4, kaa 48 kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Jumla 240,000. Akatanguliza nusu, 120,000. Hela yote nikanunulia ndoano na vifaa.

Baada ya siku kumi mzigo ukarudi kwa basi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Ni wazuri kwa macho, lakini majini hawafai. Naomba pesa yangu." Pesa sikuwa nayo.

Nikajaza ndoo maji, nikadondosha kaa mmoja. Akayumba kama jani linaloanguka, akatua ncha ya ndoano ikiwa chini. Nikadondosha wa pili, vilevile. Hapo nikaelewa. Kaa wa kweli akiona hatari hukimbilia chini haraka na kujifukia kwenye mchanga. Samaki anategemea kuona hivyo. Kaa anayeelea na kuyumba anamtia wasiwasi. Na ncha ikiwa chini, inanasa kwenye matumbawe kila ukivuta.

Kosa lilikuwa langu. Uzito nilikuwa nauficha tumboni, upande wa ncha, ili picha itoke safi. Gamba nalo nililijaza gundi nene, likawa pana kama sahani. Nilikuwa natengeneza picha, wakati mteja alinunua kitu cha kwenda majini.

Hivi ndivyo ninavyofunga sasa:

1. Ndoano iwe ya maji ya chumvi. Ya kawaida inapata kutu haraka. Iwe imara pia, maana kikande ana meno ya kuvunja magamba. Ibane kwenye jiliwa, uizungushie uzi shina lote.

2. Uzito wa risasi, zile shanga mbili zilizoungana, funga karibu na tundu la ndoano. Ukae juu ya shina, upande usio na ncha. Zungusha uzi kwa kupishanisha kama namba 8, kisha tone la supa gluu. Majini upande mzito unageuka chini, ncha inabaki juu. Hii ndiyo siri yote.

3. Gange mbili zifungwe nyuma, kwenye kona ya ndoano, zikitazama nje. Nilianza na manyoya ya jogoo, ila nchi nyingi zina masharti juu ya bidhaa za wanyama mpakani. Kwa mzigo wa nje natumia nyuzi za dukani.

4. Mwili ni vipande vya uzi mnene vya kama sentimita 3. Kila kipande kikae kukatisha shina, ufunge kwa namba 8, usukume kigusane na cha kabla yake. Changanya rangi ya mchanga na kahawia. Usidharau uzi wa bei rahisi. Mmarekani Del Brown, aliyebuni kaa maarufu anayeitwa Merkin, alitumia uzi wa kufumia mazulia.

5. Katikati ya vipande weka miguu ya lastiki nyembamba. Piga fundo moja kila mguu, hilo ndilo goti. Kaa wa kweli ana miguu minane ukiacha gange, lakini sita inatosha. Ikizidi inampunguzia kasi ya kuzama.

6. Kata kwa mkasi umbo la yai, bapa, ukubwa wa sarafu ya shilingi 100. Gundi weka kidogo sana, kwenye mafundo tu.

7. Ndoo. Loanisha kaa, mdondoshe mara kumi. Akikosea mara moja, hauzwi.

Wale 48 niliwakata wote, nikaokoa ndoano na risasi. Nilimpigia jamaa nikamwambia ukweli: nimekosea hapa na hapa, nipe wiki mbili, na nitakutumia video ya ndoo kabla mzigo haujapanda basi. Alikaa kimya, kisha akasema sawa. Usiku nafunga, mchana nauza zipu. Kaa mmoja ananichukua nusu saa, kwa hiyo 48 ni saa 24 za kazi ambazo nilizifanya mara mbili kwa malipo ya mara moja. Hiyo ndiyo ada niliyolipa shuleni kwangu. Video ilipofika, nusu ya pili ya pesa ilikuja siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwako wewe unayeuza kitu kingine. Ndoo yako ni ipi? Unauza viatu, umevivaa ukatembea navyo kutwa? Unauza keki, umeipakia kwenye bodaboda barabara ya vumbi ukaona inafikaje? Unauza mkoba, umeujaza vitu ukauning'iniza usiku kucha? Jaribu bidhaa pale mteja atakapoitumia, halafu ndiyo upige picha.

La pili, malipo ya awali usiyamalize yote kwenye malighafi. Mimi sasa natenga robo hadi mteja athibitishe mzigo uko sawa.

La tatu, ukikosea piga simu wewe kwanza. Mteja akikutafuta mara tatu bila kukupata, umeshampoteza yeye na wenzake.

Ndoo yangu ipo nyuma ya kaunta mpaka leo, na maji yake. Wateja wa zipu wananiuliza ya nini. Nawaambia ndiyo bosi wa hapa.