Mama wa daftari ndiye alikuwa anaona

Kabla ya kuandika katika ukurasa huu, tulikuwa tunakula mkate wa televizyo. Tulibeba mikro, tulivuta nyaya, na mwishoni tulikalishwa mbele ya ordinatere kukata na kuunga picha. Emisyo moja tuliitumikia karibu miaka miwili, hapa hapa Lubumbashi. Stesheni hatuitaji, na mwenye emisyo pia hatumtaji. Siku ya Mungu alijiita nabii. Siku zingine alijiita mwonaji, na wafu ndio walikuwa wanamwambia mambo.

Tumekumbuka kazi ile kwa sababu ya mazungumzo tuliyosikia ndani ya basi, wanawake wawili wa wachimbaji wanasimuliana juu ya mwonaji mwingine. Mmoja alisema: «Alijua mpaka bwana yangu anatumikaka usiku! Nani alimwambia?» Tulinyamaza, lakini jibu tulikuwa nalo mdomoni. Ni wewe mwenyewe, mama.

Inapita hivi. Emisyo haianzie studio, inaanzia mlangoni. Kwetu kulikuwa mama mmoja mpole sana, na daftari yake, chini ya muembe wa lupango. Anakupa kiti, anakupa maji, anauliza kama muliamuka muzuri. Kisha anauliza jina, kommune, namba ya simu, kazi ya bwana, shida iliyokuleta. Kila mtu alijibu, kwa sababu hospitali pia wanauliza vile. Tena watu wakingoja saa tatu ao ine, wanaongea wao kwa wao: huyu mtoto hazai, yule bwana amefukuzwa kazi, mwingine kaka yake alikufa ndani ya shimo na feza ya matanga haijaisha kugombaniwa. Mama wa daftari anapita na chupa ya maji, anasikia.

Saa ya kuanza, anaandika tena kwa karatasi kubwa: «Kitambaa kijani, mstari wa pili. Bwana: kazi ya usiku. Mtoto: kifafa.» Karatasi ile sisi ndio tulikuwa tunaibandika chini ya kamera namba mbili. Ukiwa nyumbani unaona mtu anainua macho, ananyamaza, anatetemeka kidogo, unasema roho imeshuka. Anasoma. Siku moja mwandiko ulikuwa mubaya na alitetemeka karibu dakika nzima.

Wenye kupiga simu walikamatwa namna ile ile. Simu yako haiingie studio moja kwa moja. Unapokelewa na kijana wa reji: «Ngojeni kidogo mama, ni juu ya nini?» Wakati unangoja, namba yako iko tayari katika simu yake na anaangalia picha yako ya WhatsApp. Na sisi watu wa mugodi tunajitoa wenyewe: picha na kaske kichwani, jina la kampuni kifuani, gari kubwa la kubeba mawe nyuma, na mara nyingi mtoto mikononi. Nani anahitaji wafu hapo?

Kama hakuna karatasi wala picha, anajaribu. «Kuna Ilunga hapa?» Ndani ya Lubumbashi, ukikosa Ilunga kati ya watu 60, basi ita Ngoy, ita Mwamba, ita Kabwe. «Naona mgongo unauma.» Mbele ya watu wanaobeba mifuko ya mawe! «Naona kifua.» Vumbi la mugodi limekohoza familia ngapi? «Kazini kuna mukubwa hakupende.» Hapo studio nzima inapiga kelele ya ndiyo.

Na akikosea, ndipo kazi yetu ilianza. Tulikuwa tunakamata picha ya saa tatu na kuitoa emisyo ya dakika 26. Mtu akisema «hapana papa, mi siko na dada», ile sehemu inakufa kwa ordinatere. Inabaki wale waliosema ndiyo na kulia. Hata machozi tulikuwa tunayahamisha: mama anayelia kwa ajili ya mutoto wake, tunamweka nyuma ya unabii wa mtu mwingine.

Tusifikiri ni mambo ya kwetu tu. Marekani, mwaka 1986, mhubiri Peter Popoff alikuwa anaita wagonjwa kwa jina na kutaja mpaka magonjwa yao. James Randi, aliyekuwa zamani mchezaji wa mazingaombwe, alileta fundi na chombo cha kunasa mawimbi, wakakuta sauti kwenye 39,17 megahertz. Alikuwa mke wa mhubiri, anamsomea bwana yake sikioni karatasi ambazo watu walijaza kabla ya ibada. Randi aliicheza ile sauti katika televizyo, nchi nzima ikasikia. Mwaka 1987 Popoff alitangaza kufilisika. Kisha alirudi tena kwenye televizyo.

Kisa cha Uingereza ndicho tunapenda zaidi, kwa sababu aliyefunua alikuwa mtu wa ndani. Emisyo ilikuwa «Most Haunted», wanaingia usiku ndani ya nyumba za kale, na Derek Acorah anaongea na wafu. Ciarán O'Keeffe, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi katika emisyo ile, alianza kuwa na mashaka. Alitunga jina la mfu, Kreed Kafer, akaliandika kwa karatasi na kuomba mwenzake alitaje karibu na Derek mbele ya kurekodi. Usiku, ndani ya gereza la zamani la Bodmin, Kreed Kafer akapanda juu ya Derek na kusema kwa kinywa chake. Sasa kamateni zile herufi, muzipange upya: Derek Faker, ni kusema Derek Mwongo. Habari ilitoka gazetini mwaka 2005. Derek alikana. Mwaka ule ule ofisi ya serikali inayochunga televizyo iliamua kwamba emisyo ile ni ya kuchekesha macho, haina kosa.

Karibu na sisi ni Nairobi. Mwezi wa 11, 2014, waandishi wa televizyo KTN walionyesha kazi ya mhubiri Victor Kanyari: mashahidi wa kulipwa, na maji ya kuosha miguu yanayogeuka rangi ya damu. Wenzetu wa laboratware wangeitambua ile «damu» kwa jicho moja. Ni permanganati ya potasi, unga wa zambarau unaouzwa famasi. Ili kuombewa, watu walituma shilingi 310 kwa simu, wanaita «kupanda mbegu». Mwezi ule ule serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda kuandikisha makanisa mapya. Kanyari aliendelea kuhubiri.

Kwetu mbegu ilipandwa kwa M-Pesa na Airtel Money, na hakukuwa bei moja. Mwenye emisyo alijua siku ya malipo ya kila kampuni kuliko watu wa syndicat. Juma la mwisho wa mwezi, wafu walikuwa wanaongea sana.

Jambo moja hatukulisimulia mtu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua nyingi. Mama mmoja alipiga simu: bwana yake alienda kuchimba, majuma tatu simu haiite. Kila mtu hapa anajua maana yake udongo ukilowa. Na hata bila mvua: tarehe 27 mwezi wa 6, 2019, ni kiangazi, ukuta wa KOV kule Kolwezi ulianguka na kuua wachimbaji zaidi ya 35. Mama yule hakusema neno «kufa». Aliuliza tu: «Iko wapi?»

Mwonaji alifunga macho. «Anaishi, mama. Naona barabara, naona magari makubwa. Ni Kasumbalesa. Ao njia ya Likasi. Mojawapo.» Kisha akamtajia namba ya simu ya kutuma sadaka.

Siku ya montaji, mwenye emisyo alituambia: «Njia mbili inaleta mashaka. Muache moja.» Tulisikiliza. Pale aliposema Likasi umeme ulikuwa umekatika, grupu ilianza kunguruma, sauti ilikuwa chafu. Kasumbalesa ilikuwa safi. Tukaacha Kasumbalesa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na baadaye tulienda kula bukari.

Mwezi ulipita. Mama alifika studio kwa mguu, mutoto mgongoni. Alikuwa ameona emisyo kwa jirani. Aliuza mashine yake ya kushona, akashuka Kasumbalesa, akalala siku tisa kati ya makamyo, anaonyesha picha ya bwana yake kwa madereva. Hakuja kugombana. Alifikiri labda alisikia vibaya, anaomba kusikia tena.

Mwenye emisyo hakuwako. Tulimkalisha kwenye kiti chetu, tukafungua picha nzima, ile ya saa tatu. Alijisikia mwenyewe anauliza. Alisikia Kasumbalesa. Alisikia grupu, na chini ya grupu, Likasi.

«Kumbe alisemaka zote mbili?»

«Ndiyo, mama.»

Alifikiri kidogo, anahesabu kitu kwa vidole.

«Na Kolwezi? Hakutaja Kolwezi?»

«Hapana, mama. Kolwezi hakutaja.»

Alituomba feza ya basi mpaka Likasi. Tulimwambia kila kitu: daftari, karatasi, kamera namba mbili. Alitusikiliza kwa heshima, kama vile mtu anasikiliza watoto. Kisha aliomba tena ile feza ya basi, na tukampa.

Jumamosi ile emisyo ilirudi hewani, kama tulivyoikata.