Tuta la Mboga Juu ya Matumbawe

Maelekezo mengi ya kulima mboga kwenye matuta ya kuinuliwa yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na yanatatua shida za nchi za baridi: udongo mzito unaotuamisha maji, na ardhi inayochelewa kupata joto msimu wa kupanda unapofika. Ndiyo maana wanashauri tuta lipande juu, lizungushiwe mbao pande zote nne na lipigwe na jua kutwa. Mtu akilijenga tuta hilohilo Diani mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na jua liko utosini, litakuwa limekauka kabla ya adhuhuri. Sisi wa pwani ya kusini ya Kenya maji yanatukimbia, na joto tunalo la kutosha na kubaki. Kwa hiyo kabla ya kununua hata ubao mmoja, chukua jembe uchimbe shimo dogo pale unapotaka kulima, uone chini kuna nini. Jibu la shimo hilo ndilo litakaloamua tuta lako liinuke kiasi gani, au hata kama liinuke kabisa.

Ardhi ya Kwale, kaunti yetu, imekaa kwa mikanda. Karibu na bahari, kuanzia Tiwi kupitia Diani hadi Gazi na kuendelea kusini, tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita na kubaki nchi kavu bahari iliposhuka. Ukiingia ndani kidogo unakuta mchanga wa kijivu, mwepesi, unaopitisha maji upesi. Juu zaidi, kwenye vilima kabla ya Shimba Hills, ndipo ulipo mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Ni mchanga huohuo ambao kule Nguluku na Maumba ulichimbwa madini ya titani kuanzia mwaka 2013 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Majirani wawili wanaotengana kilomita chache wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa, na anayeiga tuta la mwenzake bila kuchimba hujitafutia hasara.

Tuanze na matumbawe, maana hapo ndipo tuta la kuinuliwa lina haki yake kamili. Jembe likigonga mwamba baada ya shibiri moja ya udongo, mchicha utaishi kwa taabu, na nyanya au biringanya zitadumaa. Hapo inua sentimita 35 hadi 40. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani, kwa sababu udongo ukikanyagwa mashimo madogo ya hewa na maji yanafungika. Urefu ni hiari yako.

Ukingo wa mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa ajili ya nyumba ni imara, hauliwi na mchwa, na mara nyingi mabaki yake yamelala uani. Lakini jiwe hilo ni chokaa, na udongo wetu wa ufuoni tayari umejaa chokaa. pH yake mara nyingi hufika 8 au karibu yake. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma, zinki na manganizi yapo, ila mizizi haiwezi kuyachukua. Dalili utaiona kwenye majani machanga ya juu: yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi huona hivyo wakadhani mmea una njaa ya mbolea, wakaongeza jivu la jikoni kama walivyofundishwa na wazee wa bara. Bara, ambako udongo mwingi una uchachu, jivu ni dawa. Kwetu juu ya matumbawe jivu linazidisha ugonjwa uleule. Lipeleke kwingine. Kinachosaidia ni mboji nyingi, na udongo mwekundu wa vilimani, usio na chokaa, uchanganywe ndani ya tuta. Na mchanga wa ufuoni usiuguse hata kama uko hatua ishirini kutoka mlangoni: una chokaa na chumvi pamoja.

Kwenye mkanda wa mchanga, Ukunda ndani au Msambweni, hesabu inabadilika. Hapo mizizi ina nafasi ya kushuka itakavyo, na kuinua tuta ni kuongeza tu uso unaokaushwa na upepo. Shibiri moja yatosha, na kazi ya ukingo ni kuzuia mboji isichukuliwe na mvua za masika. Kinango, ambako mvua ni haba zaidi, ningemshauri mtu achimbe kwenda chini badala ya kupanda juu, aijaze mboji ndani ya shimo, mimea ikae chini kidogo ya usawa wa ardhi ili kila tone liifuate. Kwenye mabonde yanayolimwa mpunga, kama ya Vanga, maji husimama masika yakikolea, na hapo ushauri wa watu wa nchi za baridi unafaa: inua sentimita 30 na usijute.

Sasa kujaza. Tuta la mita 3 kwa 1.2 lenye kina cha sentimita 35 linahitaji karibu mita 1.3 za ujazo, yaani takriban wilbaro ishirini. Ni udongo mwingi, na kuununua wote ni gharama isiyo ya lazima. Theluthi ya chini ijazwe makumbi ya nazi. Pwani hii makumbi huchomwa au kurundikwa nyuma ya nyumba, na ninasikitika kila nionapo moshi wake, kwa kuwa ndiyo mali bora aliyo nayo mkulima wa uani: yanafyonza maji kama sifongo na kuyaachia taratibu. Yalowekwe kwanza siku chache katika maji baridi yasiyo na chumvi, kisha maji hayo ya rangi ya chai yamwagwe na yarudiwe mengine. Yale yaliyozikwa ufuoni ili kutoa usumba wa kamba yana chumvi ya bahari, hivyo yaoshwe zaidi au yaachwe. Juu ya makumbi weka mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo mwekundu na moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Usichanganye makumbi mabichi na udongo wa juu, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni iliyokusudiwa mboga. Yakae chini, yaoze kwa wakati wake. Tuta litashuka baada ya msimu mmoja, nawe utaongeza mboji juu.

Magogo ya mnazi yanavutia kuwa ukingo kwa sababu hayana bei, lakini ninayapinga kwa nguvu. Gogo la mnazi linalooza ni mahali pa kuzalia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Mabuu yake meupe, manene, yaliyojikunja, hukua ndani ya mti uliooza, na akishakuwa na mabawa hupanda mnazi ulio hai na kutoboa kilele, penye chipukizi. Mtu anaweza kupata mchicha wa kutosha na kupoteza minazi iliyopandwa na babu yake. Lundo la mboji nalo lipinduliwe mara kwa mara, na kila funza wa namna hiyo apewe kuku. Nguzo kuukuu za umeme pia ziachwe: zimenyweshwa dawa za kuzuia kuoza, ambazo hazipaswi kuwa karibu na chakula.

Katika joto la kaskazi tuta la ukubwa nilioutaja hupoteza karibu lita 20 kwa siku, mtungi mmoja. Familia inayochota kisimani itaisikia hesabu hiyo mgongoni. Matandazo ya nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne, hupunguza sana mtungi huo, na kivuli chepesi cha makuti juu ya boriti za mvinje huupunguza zaidi. Kivuli kiwe upande wa magharibi, penye jua kali la alasiri, na kiache mwanga upite. Paa la mabati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 2,000, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Pwani yetu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mwenye tangi hana sababu ya kulia Januari.

Kuhusu maji ya kisima, yaonje kwanza. Visima vilivyo karibu na bahari huingiwa na maji ya chumvi, hasa mahali ambapo pampu nyingi zinavuta kwa pamoja, na kiangazi huzidisha. Si kila mboga inaathirika sawa. Maharagwe, karoti na vitunguu hudhoofika kwa chumvi ndogo tu. Kunde hustahimili zaidi, na vivyo hivyo spinachi yetu ya sokoni, ambayo kwa kweli ni jamaa ya bitiruti, na mababu zake wa mwituni hukua kandokando ya bahari za Ulaya. Mwenye maji ya magadi na apande hizo. Anyweshe kwa wingi mara chache badala ya kidogo kila saa, ili maji yaishukishe chumvi chini ya mizizi. Kwa sababu hiyohiyo usitandike nailoni chini ya tuta. Inazuia maji yasipotee, ni kweli, lakini inafungia chumvi ndani mpaka uso wa udongo uwe na ukoko mweupe na ncha za majani ziungue.

Nyanya zinastahili neno lake. Karibu nyanya zote zinazouzwa Ukunda hutoka mbali, nyingi zikipitia soko la Kongowea na kivuko cha Likoni, au zikiingia kutoka Tanzania kupitia Lunga Lunga. Watu huzipanda uani Novemba, miti inastawi, maua yanatoka, kisha yanadondoka yote. Shida ni usiku. Joto la usiku likivuka takriban nyuzi 24, chavua hushindwa kazi yake na tunda halishiki; Februari na Machi usiku wetu uko juu ya hapo. Sia mbegu Aprili, hamisha miche Mei, maua yaje Juni na Julai kusi ikivuma. Kuvu wa majani atakuwa tishio masika, na tuta lililoinuka lenye kijipaa cha nailoni angavu litakuokoa hapo. Kaskazi iachie bamia, kunde, matembele, mchicha na pilipili, ambazo joto haliziumizi.

Kuhusu nyani, kima na tumbili, yeyote anayeishi Diani anajua. Tunda lililoiva halilali. Uzio wa kawaida hauwasimamishi, hivyo tuta la nyanya lifunikwe kwa wavu wa waya hadi juu, uliokazwa vizuri. Wavu wa kuvulia samaki uliolegea hunasa ndege, nyoka na hata watoto wa tumbili. Mbega asilaumiwe pamoja na hao: chakula chake hasa ni majani ya miti ya msituni, na anapungukiwa nayo. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wanyama hao wavuke salama. Usikate miti yao ili kupata jua la tuta. Kivuli chake kwa mboga za majani ni msaada.

Adui ambaye haonekani ni minyoo ya mizizi. Mchanga wenye joto ndio makao yake, na bamia, nyanya na biringanya huliwa sana. Ng'oa mmea ulionyauka bila sababu. Mizizi ikiwa na vinundu, usirudishe jamii hiyo hapo msimu ujao. Hapa ndipo jua la kaskazi linapogeuka kuwa mtumishi: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, zika kingo zake, liache wiki sita kati ya Januari na Machi. Udongo wa juu utapata joto la kuua minyoo wengi na mbegu za magugu. Kwa vidukari na inzi weupe, mwarobaini uko kila kona. Ponda nusu kilo ya kokwa, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, nyunyizia jioni, kwa kuwa jua huharibu dawa hiyo upesi.

Tuta moja ningelipa mchunga, mboga ya majani ambayo Wadigo huiita mutsunga. Wanawake wa Kwale bado huuchuma vichakani na mashambani baada ya mvua, na viwanja vinapojengwa kila mwaka, mahali pa kuuchuma panapungua. Hauhitaji mbolea nyingi wala dawa. Mizizi yake hutambaa chini kwa chini, kwa hiyo upewe tuta lake peke yake, lenye ukingo uliozama sentimita 20 ardhini. Chimbua vipande vya mizizi masika yanapoanza, vipande vya urefu wa kidole, uvizike kwa kulaza. Chuma majani kabla ya maua kutoka, maana baadaye uchungu huzidi.